Mtani Alivyokwapua Mbuzi ya Nazi

Nyumba yetu ya Maneromango aliichoma mama mwenyewe. Nasema wazi kwa sababu yeye alikataa kusema lolote kwa siku tatu. Nyuki walikuwa wamehamia kwenye paa. Nikampigia simu kutoka Mbwawa ninakoishi: "Mama, subiri Jumamosi nije na mtu wa kuwatoa." Asubiri, yeye? Akafunga mwenge wa makuti makavu, akaenda kuwafukiza nyuki kwenye paa la makuti. Jamani! Nyuki walitoka salama.

Mama aliingia ndani mara moja tu kuokoa mali. Akaacha godoro, akaacha sanduku la kanga, akatoka amekumbatia mbuzi ya kukunia nazi.

Nilimkuta ameikalia chini ya mkorosho, anayatazama majivu. Majirani walimkaribisha kwao, hakwenda. Nikamwambia twende Mbwawa, akageuza uso. Alilala pale pale kwenye mkeka, mwanamke wa miaka sabini, na mimi pembeni naliwa na mbu. Aibu ilikuwa imemkaba: aliyechoma nyumba yake ataingiaje ya mwenzake? Hali, hasemi. Niliogopa kweli, nikaona mama ananiponyoka hivi hivi.

Siku ya tatu asubuhi akaja mtani wetu, bibi wa Kinyamwezi ambaye shamba lake linapakana na letu. Sisi Wazaramo tunataniana nao tangu enzi za mababu, na penye msiba mtani ana ruhusa ya kusema atakalo na kuchukua atakacho. Alikuja anapiga vigelegele, akajigaragaza kwenye majivu.

"Poleni nyuki!" akalia. "Poleni kwa kuhamishwa! Mzaramo kawalenga nyinyi, kachoma kwake!"

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikacheka, Mungu anisamehe.

Mama akazidi kuyatazama majivu. Aliponyanyuka kidogo kunyoosha kiuno, mtani akakwapua mbuzi, akatimua mbio za kizee.

"We mwizi!" Hiyo ndiyo sauti yake ya kwanza tangu moto. "Rudisha mbuzi yangu! Kwenu mnajua kukuna nazi nyinyi?"

"Nifuate, mchoma nyumba!"

Mama akajifunga kanga kibwebwe, akamfuata anatukana, nami nyuma yao. Wakakatiza shamba la mihogo, wakapita uani, wakaingia jikoni. Mama alishavuka kizingiti ndipo akagundua yumo ndani ya nyumba ya mtu. Akasimama.

Mtani akaitua mbuzi sakafuni, kando ya sinia lenye nazi mbili. Zilikuwa zimeshavunjwa. Chumba cha pili kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa.

Mtani hakutania tena. "Kaa, mwenzangu," alisema. "Mimi kukuna sijui kweli."

Mama akakaa, akaanza kukuna, huku anamsema na machozi yanadondokea kwenye sinia.

"Nikimaliza hizi," alisema, "naondoka na mbuzi yangu."

Alikaa kwa mtani mpaka bati la mwisho la nyumba mpya lilipopigiliwa.