Jumanne za Gwenda

Kwa miaka tisa Jumanne ilikuwa ya Gwenda. Mvua inyeshe, upepo uvume, mpishi huyu mstaafu wa shule alipanda kilima cha Hackley kuwaangalia ng'ombe kumi na wanne walioachiwa huko ili wale vichaka, maua yapate kuota. Mchungaji hawana, wana watu wa kujitolea, kila mtu na siku yake. Gwenda aliwahesabu, akatazama nani anachechemea, nani jicho linamtoka machozi, birika lina maji au halina, kisha akawaandikia wenzake kwenye kundi la simu: "Kumi na wanne, wazima." Hakuna aliyewahi kumpongeza, naye hakudai.

Ndipo akaja Fenella wa Alhamisi, mwanamke wa miaka arobaini anayepanda kilima mbio utadhani anakimbizwa na polisi. Wiki ya pili tu akatuma picha: Damson, yule ng'ombe mwekundu ambaye Gwenda alimjua tangu ndama, anamlamba mkono! Alama za mioyo zikamiminika kwenye kundi la simu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Gwenda aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Alimwonea wivu, na nisiseme uongo, alimchukia yule mwanamke.

"Anamlisha huyu," alimwambia paka wake. "Haiwezekani bure bure."

Kulisha ni mwiko. Ng'ombe akizoea kupewa, huwavamia wapita njia, na akivamia huondolewa kilimani. Gwenda mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni kanuni hiyo, Fenella akiwamo. Jumanne iliyofuata alipanda na vipande vya tufaha mfukoni.

Baada ya Jumanne tatu Damson alikuwa akimsindikiza hadi langoni. Gwenda naye akatuma picha. Mioyo ilipokuja akaihesabu: ilizidi ya Fenella kwa miwili. Siku hiyo alilala usingizi mtamu.

Jumapili Damson alitia pua kwenye mkoba wa mzee mmoja akitafuta mkate, akamwangusha. Mzee akavunjika kifundo cha mkono.

Clive, mwenye ng'ombe, akawaita wote langoni, tela la kumwondoa Damson likiwa tayari. "Nani amekuwa akimlisha?"

Macho yote yakamgeukia Fenella.

"Sijampa hata jani, Clive, naapa!" Fenella alikuwa analia. "Mimi hufika juu nimeloa jasho. Analamba chumvi tu."

Gwenda alihisi uso unawaka. Jasho! Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemshuku.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Nilimpa tufaha."

"Wewe, Gwenda? Wewe wa kanuni?"

"Nilimwonea Fenella wivu. Ndiyo hivyo."

Clive alivua kofia, akajikuna kichwa. "Basi mwingize mwenyewe, mama. Sisi anatukimbia tangu asubuhi."

Gwenda akapanda ubao wa tela, mikono mitupu. Damson akawapita wote, akampita na Fenella bila hata kumnusa, akamfuata ndani.