Barua Yangu ya Kukaribisha Wafadhili

Wasomaji, nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshachoka kujicheka. Kazi yangu hapa Kasese ni kuandika habari za shirika dogo linalosaidia akina mama wakulima wa kahawa wa Kyarumba. Kwenye semina tulifundishwa kwamba mfadhili akijiandikisha tu, kompyuta imtumie papo hapo barua pepe ya kumkaribisha, tena yenye moyo. Moyo ninao! Niliandika moja ya kuliza mawe, nikaitia jina langu.

Wiki iliyopita nilikwenda Bwera kwa Hajji mmoja mwenye malori. Tulitaka lori moja tu la kusomba kahawa ya akina mama. Alinikaribisha dukani kwake kwa chai na chapati, na nilipokuwa kwenye chapati ya tatu, akakubali kujiandikisha kwa simu yake. Hata hajaiweka chini, ikalia.

“Eh, barua yako imefika,” akasema, akaisoma kwa sauti mbele ya wabeba mizigo wake: “Ndugu mpendwa, ninakuandikia nikiwa mlimani Kyarumba. Matope yamenifika magotini, gunia la kahawa liko kichwani, na tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.”

Wabeba mizigo wakaangalia viatu vyangu vinavyong'aa. Hajji akaangalia sahani yangu.

“Mutoto yangu, weye uko na mbio,” akasema taratibu. “Umepanda mulima, umeshuka, na chai ingali moto. Sasa lori ya nini? Hiyo kahawa utaibeba weye.”