Miguu ya Miftah wa Lebda

Miftah bin Abusaif bin Khalifa alikuwa mtu wa Khoms, pwani ya Libya. Babu yake Khalifa ndiye aliyewachimbia Wataliano mchanga uliouzika mji wa kale wa Lebda. Baba yake Abusaif aliyalinda magofu wakati wa vita kwa bunduki isiyo na risasi. Yeye mwenyewe aliwatembeza wageni humo tangu ujana wake, na hakuna aliyepata kuumia mkononi mwake.

Macho yalipoanza kumwacha, hakumwambia mtu. Macho ya nini, na miguu inalijua kila jiwe, kutoka kwenye tao mpaka bandari ya Warumi iliyojaa mchanga? Wageni walimwona akitangulia bila kubabaika, wakamsifu.

Mkewe Mabruka hakudanganyika. Alimtazama akimimina chai nje ya gilasi.

“Meza imeshashiba, bwana,” alimwambia. “Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

“Kifo changu kinakuwashia nini wewe?”

Binti yao Khairiya, aliyesomea mambo ya kale, aliomba awe anamsindikiza tu. Baba akakataa katakata. Watu wangesema Miftah anashikwa mkono na mtoto wa kike.

Mwaka huo mvua ilikuwa ya balaa. Bonde lilifurika, maji yakapita katikati ya magofu. Yalipokauka likaja kundi la walimu wastaafu kutoka Misrata, na Miftah akawapitisha njia yake ileile, akiwaagiza wakanyage anapokanyaga yeye. Kumbe mafuriko yalikuwa yameng’oa bamba la jiwe lililofunika mtaro wa kale. Mguu wake ulivuka kwa bahati. Mzee Emhemed, aliyemfuata unyounyo, akatumbukia, akavunjika shingo.

“Nani kaanguka?” Miftah aliuliza. “Wapi?”

Naye kasimama ukingoni mwa shimo. Hapo wote wakajua.

Kifo kilimuumbua, ila hakikuwa chake.

Watoto wa marehemu walisamehe, wakasema ni kadari. Msamaha ule ulimchoma kuliko matusi. Akakaa ndani, kaelekea ukuta, hata chakula mpaka alazimishwe. Siku walipokuja watu kuulizia kiongozi, alimwita Khairiya.

“Kesho utawatembeza wewe.”

“Nipite njia nyingine, baba?”

“Hiyohiyo. Ukifika mtaroni wasimamishe. Umtaje Emhemed kabla hujamtaja mfalme yeyote. Waambie aliyemuua ni kipofu mwenye kiburi, na wewe ni bintiye.”

Khairiya alilia, akasema hayo hayatamtoka kinywani.

“Yatatoka,” Miftah alisema. “Anza sasa, nikusikie.”