Mkono Usioshika

Utotoni mwangu, kwetu Barani, mtoto hakuwa wa ukoo mpaka amshike Nyanya kidole. Nyanya mzaa baba ndiye aliyekuwa mkunga wa nyumba na wa mtaa. Mtoto akishaoshwa, humtia kidole chake kwenye kiganja cha kulia. Akikifumbata, vigelegele. Asipokifumbata, basi ni wa nje, mamake kamleta kwa hila. Nami niliyaamini hayo yote.

Ndugu yangu alizaliwa mchana, kwa taabu. Bega lilikwama, na Nyanya, ambaye hakumpenda mama tangu siku ya harusi, akavuta kwa nguvu. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alipomwosha niliona mkono wa kulia ukianguka ovyo, kama kitambaa. Wa kushoto ulikuwa umekamata ncha ya leso, hauachi.

Nyanya akamwita baba, kisha akatia kidole kwenye kile kiganja kilicholegea.

"Hashiki. Mwaona? Huyu si wetu."

"Nyanya, mkono huu mwingine washika!" nikapayuka.

"Wa kushoto? Wa chooni huo. Nyamaza, we mtoto!"

Ndugu yangu alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, kinywa wazi, akitafuta ziwa la mama. "Baba Zuhura, sema neno," mama akamsihi, akimwita kwa jina langu. Baba akainama tu. Nilimchukia, na mpaka leo sijamaliza kumchukia.

Kabla ya magharibi mama alitiwa kwenye tuktuk, damu yamtoka bado, akarudishwa kwao Sabaki na mwanawe. Mimi nilizuiwa. Siku niliyozaliwa nilikuwa nimekishika kidole, kwa hiyo nilikuwa mtoto wao.

Mwaka jana nilijifungua binti hospitalini. Muuguzi akaniambia, akicheka, kwamba mtoto mchanga hufumbata chochote kinachomgusa kiganjani, kiwe kidole au nguo. Asipofumbata, huenda mkono umeumia. Nililia mpaka akaogopa. Mkunga aliyezalisha mtaa mzima hakuyajua hayo? Aliyajua, tena mkono ule aliuumiza mwenyewe.

Nyanya, mgongo umepinda, baba kamshika, alikuja kumwona mtoto. Nilimwamkia shikamoo, ndivyo nilivyolelewa. Akaketi, akanyoosha kidole. Nikaifunika mikono ya binti yangu.

"Waniogopa nini, mjukuu wangu? Kikongwe kama mimi?"

"Sikuogopi, Nyanya. Lakini huyu hutamgusa."

Ukoo mzima wasema sina adabu. Na waseme. Ndugu yangu ni mtu mzima sasa, na kila asubuhi mkewe ndiye amfungaye vifungo vya shati.