Stika ya Msichana Anayelia

Hortense, fundi wa kushona wa mtaa wa Katuba, hakuwa mtu wa kuandika. Herufi za simu zilimchosha, basi kwenye WhatsApp alisema kwa stika. Umeme ukikatika nguo iko nusu, stika. Mteja akiingia mitini, stika. Na aliyoipenda kuliko zote ni ile ya msichana anayelia: kichwa kimevimbishwa kama andazi, mdomo wazi, kamasi, nywele za bandia zimefunika jicho moja. Aliipata kwenye grupu la kwaya, akaisambaza kila mahali, hata kwenye grupu la familia. Watu walicheka mpaka basi.

Siku hiyohiyo aliyoituma kwa familia, binti yake Sephora, msichana wa miaka kumi na tano, alijitoa kwenye grupu la familia. Hortense alimfokea: kumbe amekuwa mtu mkubwa, ndugu hawamfai tena? Sephora akaingia chumbani. Kisha tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi, shule ikawa haiendeki, na chakula akawa anakisukumasukuma tu sahanini.

Mkuu wa shule, préfet Godefroid, akaita wazazi. Kuna watoto, alisema, wanaopiga picha wenzao wakiwa katika aibu na kuzirusha mtandaoni. Msikimbilie kuwanyang'anya simu, maana mkiwanyang'anya hawatawaambia tena lolote. Waulizeni polepole, wasikilizeni, hifadhini ushahidi, mje kwetu. Maneno mazuri kabisa. Hortense akasimama, kidole juu.

« Batoto banajifunza kwa bazazi! Mama mwenye anaona mambo ile na anacheka, iko mama gani? »

Alipigiwa makofi. Akayapokea, jamani, akaketi ameridhika kabisa.

Nyumbani aliketi kitandani kwa binti yake, akauliza polepole kama alivyofundishwa.

« Uniambie, mama yangu. Nani anakufanya mubaya? Nitaenda kwabo leo leo. »

« Lete simu yako, » Sephora alisema.

Alifungua grupu la familia, akarudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani, akaweka kidole juu ya kile kichwa cha andazi.

« Ni miye ile, mama. Siku balinisukuma mu matope pa masomo. »

Hortense aliisogeza simu machoni. Juu ya nyusi palikuwa na kovu dogo, la siku mtoto alipoangukia cherehani. Kidonda kile alikiosha kwa mikono yake mwenyewe. Ameituma stika ile mara ngapi, na kovu asilione!

« Sikuyua, mwana wangu. Kweli ya Mungu, sikuyua. »

« Nilitaka kukuambia weye wa kwanza. Nikafungua simu, nikakuta na weye uko unacheka. »

Hasira aliyokuja nayo haikuwa tena na mlango wa kwenda kugonga. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama mtoto. Akashika simu, akawarekodia akina mama wa kwaya sauti ndefu ya kilio: wamsamehe kwa kuisambaza, waifute stika ile, ni Sephora wake.

Wakakaa pamoja kungoja, bega kwa bega. Wa kwanza kujibu alikuwa mama Joséphine wa kwaya, asiyesikiliza sauti ndefu mpaka mwisho. Alisikia kile kilio cha mwanzo tu, akajibu kwa ile stika.

Sephora aliiona kabla ya mama yake. Akajilaza, akageukia ukuta.