Nilishuhudia kanisani kwamba mwanangu ameachiliwa, kumbe timu imemfukuza

Timu imemfukuza mwanangu, na kanisa zima linajiandaa kuja kumshangilia! Admin nifichie jina. Na nyinyi wote mnaosoma, nawasalimu, hamjambo wapendwa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani hapa Troyeville, huku kusini mwa Afrika, mwaka wa ishirini na tano sasa. Shule niliishia la sita, mnisamehe mkiona makosa. Lakini gauni la harusi nikilishona mimi, bibi harusi mwenyewe analia. Na watoto nimezaa! Wa mwisho, ana miaka ishirini na nne, ni mchezaji wa kulipwa huko Japani. Si mpira wa miguu. Ni besiboli, ule mchezo mmoja anatupa kampira kadogo na mwingine anakapiga kwa gongo. Wangu ndiye mtupaji. Alijifunzia shuleni hapa hapa, Wajapani wakamwona kwenye mashindano, wakamchukua. Niambieni, ni mama gani mwingine wa Kivu ana mtoto wa hivyo? Mtaa mzima wananiita Mama Japani, na ninaitika.

Sasa niseme ukweli. Timu yenyewe ni ndogo, ya mji mdogo, na kwa misimu minne niliyoifuata imeshika mkia kila msimu, isipokuwa mmoja ilipokuwa ya pili kutoka mwisho, na siku hiyo nilipika pilau. Wao wakicheza jioni, huku kwetu ni saa tano asubuhi, basi naegemeza simu kwenye cherehani, nashona huku naangalia. Nimewaona wakipigwa kumi na mbili bila. Nimewaona wakiongoza hadi zamu ya mwisho, kisha mmoja anadondosha mpira ambao hata mimi ningeudaka kwa sketi. Baba Issa, Mrundi anayeshona viatu mlangoni pangu, kazi yake ni kunichokoza.

"Mama Japani, leo mmekula ngapi?"

"Bado hatujamaliza, wewe!"

"Bado nini, na wachezaji wameshavua kofia wanainamia watu?"

Kwao wakishindwa wanakuja kuwainamia mashabiki, na mashabiki hawazomei, wanapiga ngoma na kuimba. Nikasema na mimi nitakuwa hivyo. Niliwashonea akina mama wa kanisa vikwembe, yaani vitenge, vya rangi ya timu, nikawafundisha kuimba nyimbo zao bila kujua neno hata moja. Na kila Jumatano kwenye maombi tulimwomba Bwana amwachilie mwanangu, amtoe kwenye kile kitimu aende timu kubwa. Ndilo neno letu hilo. Mtu akipata makaratasi ya ukaazi, ameachiliwa. Aliyekuwa hapati mtoto akipata, ameachiliwa.

Wiki mbili zilizopita mtoto akanitumia sauti kwenye simu. Mjue amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini kukiongea ni vita, yeye ni Kiingereza na Kizulu. Akasema, "Mama, timu imeniachilia. Nakuja nyumba." Basi! Niliacha gauni la mtu chini ya sindano, nikapiga vigelegele mpaka wa ghorofa ya juu wakachungulia. Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda: mwanangu ameachiliwa, anakuja kutuaga kabla ya kwenda timu kubwa! Hilo la timu kubwa niliongeza mwenyewe, Mungu anisamehe. Pasta akaruka. Nikaalika wote waje kwangu kumshangilia, waliokuwepo na wasiokuwepo, mpaka wasusi wa Joubert Park.

Juzi akaja mteja wangu, dada Mkenya wa benki kule Sandton, kuchukua sketi yake. Nikamfungulia ukurasa wa timu wa Kiingereza ili afurahi nami. Akasoma, akanirudishia simu.

"Mama, hapa wanamshukuru na kumtakia heri."

"Si ndiyo hiyo!"

"Hapana, Mama. Kwa Kiingereza cha wachezaji, wakikuachilia wamekufuta kazi. Hana timu tena."

Eish. Nilikaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa.

Nikampigia mtoto. Alilia, kijana mkubwa vile. Akasema mkono unamuuma tangu mwaka jana, hawezi tena kutupa kama zamani, na hakuna timu nyingine iliyomuulizia. Kisha akajikaza kwa Kiswahili chake: "Mama, usiambie watu. Mimi nachoka kushindwa mbele ya watu. Nataka kulala tu kwako." Nikamjibu sawa, mwanangu. Niliyoyafanya nilishindwa kumwambia.

Na kuna linalonitesa kuliko hilo. Jana saa tano mkono wangu ukafungua simu kwa mazoea. Timu ile ile ikashinda, nane kwa moja! Nikaruka, nikamvuta Baba Issa shati, "Tumeshinda!" Naye hajui lolote, anadhani kijana bado yuko nao mpaka aje kutuaga, akacheka: "Na kijana katupa vipi leo?" Nikarudi kwenye cherehani. Miaka minne nawasubiri washinde, na siku wameshinda nimewashangilia watu waliomtupa mwanangu. Leo nimefungua tena, na wamefungwa, na nimeumia. Ni moyo gani huu?

Nikiwazuia watu wasije, lazima niseme kwa nini, na aibu aliyoniomba nimfunikie nitakuwa nimeitangaza mimi mama yake. Nikinyamaza, atakuta vigelegele vya timu kubwa ambayo haipo. Mbuzi wameshaagizwa. Pasta ameshaandaa neno. Kila ninapogeukia sioni pa kutokea. Nyinyi mnaonizidi akili, niambieni nianze na nani, mtoto au kanisa, na nianze kwa neno gani. Msinicheleweshee jibu wapendwa, maana yeye anatua Ijumaa jioni, na watu wote wanakuja Jumamosi saa saba mchana.