Vitu vya Bibi Kabla ya Daraja

Gemu lile liliniuliza majina kabla ya kitu kingine chochote. Lilikuwa na wasafiri wanne, na kila mmoja alitaka kuitwa. Watatu wa kwanza niliwapa majina ya ovyo, yaliyonijia kwanza. Wa nne alikuwa mwanamke mzee, mganga wa kundi, kajitanda nguo ya kijani na kashika fimbo fupi. Nikaandika "Bibi". Bibi yangu mwenyewe alikuwa amelala kitanda cha pili, karibu kiasi cha kumgusa, na mvua ya masika ilipiga bati kwa nguvu hata muziki wa gemu nikawa nausikia kwa kukisia.

Kidude chenyewe cha kuchezea niliachiwa na mwenzangu wa chuo, tuliyelala chumba kimoja miaka mitatu. Alipoolewa alisema hataki kuingia nacho kwa watu, wasije wakadhani wameoa mtoto. Ni kitu cha Kijapani, kinajikunja katikati, kitufe chake cha kushoto kinanata mpaka ukibonyeze mara mbili. Gemu nalo lilitungwa hukohuko Japani, ila maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na maneno yalikuwa mengi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kazi sina. Mama alishinda kwenye cherehani yake mjini, kwa hiyo kazi yangu ikawa kumtazama bibi.

Bibi tulimteremsha kutoka kwake milimani, juu ya Mkuyuni, moyo wake ulipoanza kumchosha. Tulimwambia ni kwa ajili ya hospitali tu, mvua zikikatika atarudi. Aliamini. Kila asubuhi aliniomba nifungue dirisha aone kama mlima umetoa kichwa kwenye ukungu, na ukionekana alifurahi, kwamba mvua inaisha. Asichokijua ni kwamba wanawe walishakaa kikao wakakubaliana harudi tena, na vitu vyake wakagawana, eti kabla mchwa hawajavila. Mama mdogo anayekaa Mkuyuni alichukua kinu na mchi. Mjomba alichukua majembe na mikeka. Sanduku la kanga lilikuja mjini, likawekwa chini ya kitanda cha mama, hatua kumi kutoka alipolala mwenyewe. Kwetu vitu vya mtu haviguswi mpaka azikwe na arobaini ipite, na hakuna aliyekuwa halijui hilo. Niliambiwa nifunge mdomo. Nikafunga.

Basi tukawa na gemu. Mwanzoni nililicheza peke yangu, nimempa bibi mgongo, nikiona aibu. Siku moja akaamka akauliza, "Mke mwenza, hicho unachokitekenya ni nini?" Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikamsogelea nikamwonyesha. Macho yake hayakuona vizuri vitu vidogo, ila rangi aliziona, na muziki aliupenda pale pale. Ulikuwa wa filimbi, wa polepole, unazunguka na kurudi ulipoanzia.

Alichokipenda zaidi ni vita vyake. Mle hakuna kurukiana. Wewe unapiga, unatulia, adui anapiga, anatulia.

"Mbona lile dubwana limesimama tu?" bibi aliuliza.

"Linangoja zamu yake, bibi."

"Lina adabu kuliko mjomba wako."

Lakini adabu za wasafiri wetu zilimkera. Katika gemu lile unaingia nyumba yoyote, unafunika na kufunua mitungi ya watu, unachukua dawa na vijisarafu, na mwenye nyumba amesimama palepale anakutazama. Bibi alishika mdomo. "Hajapiga hodi! Na anapekua!" Nilimweleza kwamba gemu limetungwa hivyo, huwezi kuendelea usipopekua. Hakunielewa, au hakutaka. Ikabidi kila mlango nipige hodi kwa mdomo wangu, na yeye kutoka kitandani anaitikia "Karibu" kwa niaba ya wenyeji, ndipo niingie. Kijiji chenye nyumba kumi kilitumalizia asubuhi nzima.

Sitaki kulisifu kupita kiasi, maana lilinitesa. Ukitembea hatua tatu, adui. Tatu nyingine, adui yuleyule. Kuna mzee mmoja kwenye lango la mji anakwambia upepo umebadilika. Uende ukapigane na joka wiki nzima, urudi, upepo bado umebadilika. "Mwache," bibi alisema, "hao wapo hata kwetu." Kubwa lililonikera ni kwamba kusevu unaruhusiwa kisimani tu, na visima viko mbalimbali. Siku moja umeme ulikatika tangu alfajiri, chaji ikaniishia nimebakiza hatua chache kukifikia kisima, na safari ya saa mbili ikapotea kama haikuwahi kuwepo. Nilikirusha kidude kitandani nikatukana, mbele ya mtu mzima. Bibi hakunikemea. Alisema, "Njia si umeshaijua? Ya pili huwa fupi." Na kweli ilikuwa fupi.

Saa nyingine najiuliza kama siku zile zilikuwepo. Bibi akishakunywa dawa ya saa nne alikuwa halali na haamki. Nje mlima wa Uluguru ulikuwa unaingia na kutoka mawinguni, na kwenye kioo wasafiri wangu wadogo walikuwa wanapanda mlima wao, nao una ukungu, nao una vijito vinavyokatiza njia. Bibi alinena akiwa amefumba macho: "Hapo shika kulia, kushoto pana utelezi." Nikashika kulia. Mara kwa mara alipatia. Labda njia zote mbili zilikuwa zinakutana mbele, sikuwahi kurudi kuhakikisha. Kuna mchana nilinusa magimbi yakichemka na hatukuwa tumebandika kitu jikoni. Sikushangaa wala sikuinuka. Nilikuwa na furaha, nalisema waziwazi, furaha ambayo sijaipata tena mahali pengine, na ndani ya furaha hiyo nilikuwa namdanganya.

Yule Bibi wa gemu aliendelea kuwa hodari. Nilimpa vyote vizuri tulivyookota: joho, pete mbili, fimbo ya fedha iliyonichukua wiki nzima kuipata. Bibi wa kitandani alijivunia. "Leo nimeponya wangapi?" aliuliza kila alipoamka, nami nikamtajia idadi.

Mvua zilipoanza kupungua tulifika kwenye daraja la mawe, karibu na kilele. Nilimwandikia mwenzangu wa chuo kumtambia. Ujumbe wake ulirudi haraka: nisivuke. Kwanza nimvue Bibi kila kitu, fimbo, pete, joho, vyote. Ng'ambo ya daraja kuna chemchemi iliyokauka, na mganga huyo anabaki hapo ili maji yarudi. Harudi tena kwenye kundi, na chochote alichovaa kinapotea naye. Yeye mwenzangu alipocheza hakujua, akapoteza vyote, akalia. Nilikasirika. Saa zote zile za kumjenga mtu, halafu gemu linamchukua bila hata kuonya! Lakini nilifanya nilivyoambiwa. Nilifungua orodha ya vitu vyake nikaanza kumvua kimoja kimoja, na kila kitu kilipotoka kilitoa mlio mdogo. Nguvu zake zilishuka, zikashuka, mpaka akabaki na ile nguo ya kijani tu.

"Mbona unamvua?" Bibi alikuwa macho, sijui tangu lini. "Anakwenda kuoga?"

"Hapana, bibi."

"Sasa?"

"Akivuka daraja hili harudi. Vitu vyake vitapotea bure, na wenzake watavihitaji."

"Mwenyewe anajua?"

"Nani?"

"Huyo mama. Anajua kwamba harudi?"

Nilisema hajui. Ile filimbi ilizunguka, ikarudi mwanzo, ikazunguka tena. Bibi alikuwa anatazama dirishani, mlima ukiwa wazi wote, hauna hata wingu.

"Kinu changu kachukua nani?" aliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi siku ile hata nguvu ya kuianza sikuwa nayo. "Mama mdogo," nilisema.

"Majembe?"

"Mjomba. Na mikeka."

"Na sanduku langu?"

Nilionyesha kwa kidevu upande wa chumba cha mama. Bibi aliugeukia ule ukuta.

"Na wewe ulichukua nini?"

"Sikuchukua kitu, bibi. Nilinyamaza."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu iliyotimia. Hakunifokea. Ningefarijika kama angenifokea. Alisema neno moja tu: "Mvishe."

Nikamvisha. Fimbo, joho, pete ya kwanza, pete ya pili. Kile kitufe kikazidi kunata. Tukavuka. Nilimsomea bibi kila sentensi kwa Kiswahili: yule mganga anaagana nao, anakaa kwenye jiwe, maji yanaanza kuchuruzika chini ya miguu yake. Halafu wale watatu wanaondoka, na wale watatu walionekana wachache sana njiani.

"Wenzake wanalia?" bibi aliuliza.

"Wanalia."

"Halafu?"

"Halafu wanaendelea."

"Sawa," alisema. "Mradi hakuvuka uchi."

Gemu lile sijalimaliza mpaka leo. Bila ile fimbo, adui wa mwisho ananimaliza kila tukikutana, tena kwa zamu, kwa adabu zote.

Mama aliporudi jioni aliingia na "Shikamoo mama" yake kama kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia salamu hiyo ikikosa marahaba.

"Nataka kwenda kwangu," bibi alisema. "Na vitu vyangu nivikute."

Mama akanigeukia. "Umemwambia?"

"Kaniuliza, mama."

"Ukiulizwa ndiyo useme?" Kisha akamgeukia mama yake, akaanza kueleza: daktari kasema moyo hautaki milima, huko juu kuna baridi, gari halifiki mlangoni, usiku akizidiwa nani atambeba. Yote yalikuwa kweli, na mama alikuwa anayasema kwa upendo, hilo sitamnyima.

"Sijauliza daktari kasemaje," bibi alisema. "Nitakufa hata hapa. Nimeuliza vitu vyangu."

Mama alikwenda jikoni. Nilimsikia akilia na kufungulia maji ya bomba ili tusimsikie. Siku tatu hakusema nami ila la lazima. Siku ya nne aliwapigia simu ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, amesimama uani, na sauti yake kila mara ilianza kali ikaishia chini.

Tulimpandisha mwanzo wa kiangazi. Gari lilitufikisha lilipoweza, kutoka hapo vijana wa ukoo wakambeba kwenye kiti, wakipokezana, na bibi juu ya kiti akiwaelekeza pa kukanyaga, ingawa wote walizaliwa huko. Nyumba ilifagiliwa. Ndani kulikuwa kutupu, sauti zetu zilirudi kutoka ukutani.

Watu walianza kuja baada ya adhuhuri. Mjomba alifika na majembe begani na mikeka kwapani, akaviegemeza kando ya mlango, akasalimia huku anatazama chini. Mama mdogo alikuja na kinu kimebebwa na watu wawili na mchi ameushika mwenyewe. Mama alilileta sanduku la kanga kutoka kwenye gari, analo kichwani, njia yote ile hakukubali kupokewa. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Bibi alikaa katikati ya nyumba akaagiza kila kitu kirudishwe kilipokuwa: kinu pembeni pale, mikeka pale, hapana, sogeza kidogo. Akavitazama vyote mahali pake. Alikuwa anahema kwa shida, nami niliogopa.

"Haya," alisema. "Sasa nagawa."

Kinu alimpa mama mdogo. Majembe na mikeka alimpa mjomba. Walewale, vilevile. Mjomba, mtu mzima mwenye mvi, alifuta macho kwa kiganja. Kisha bibi akaniambia nifungue sanduku, akapekua taratibu, akatoa doti moja ya kanga ambayo ilikuwa haijakatwa bado, akamnyooshea mama.

Mama alikuwa amepiga magoti, mikono yake imelala mapajani. Haikunyanyuka.

"Pokea, mwanangu," bibi alisema. "Ningali na nguvu za kutoa."

Bibi hakumharakisha. Aliishikilia ile doti hewani mpaka mama akanyoosha mikono yote miwili.